Vijiredio vya Sikioni Nilivyovipeleka Mkwaja

Niliondoka Tanga kwa hasira, na sioni haya kusema. Watu husafiri kwa harusi, kwa ugonjwa, kwa kutafuta riziki. Mimi nilisafiri kwa sababu katoni tatu za vijiredio zilikuwa zimekaa dukani miezi minne, na kila aliyeingia alikishika kimoja, akakisifu, akakirudisha mezani, akanunua tochi na kwenda zake. Nilitaka kujua kwa nini.

Duka lilikuwa la Mzee Yusufali, Mhindi wa Tanga hasa, aliyezaliwa Tanga, na baba yake alizaliwa Tanga. Nyuma ya kaunta nilikuwa na meza yangu ya ufundi. Niliajiriwa kufagia, nikaanza kumshikia taa fundi wa zamani, fundi alipokwenda zake Mombasa, redio mbovu ziliendelea kuletwa nami nikaendelea kuzifungua, mpaka watu wakasahau kwamba niliingia na ufagio. Hapakuwa na duka jingine mjini ambalo lingemwachia mwanamke chuma cha kulehemu. Nilikwisha kuuliza. Mtaa wa Makorora walinicheka, na mtaa wa Nguvumali bwana mmoja aliniambia nikakaange maandazi.

Ile ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye dhiki ya kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na betri ukizipata umezipata chini ya kaunta, kwa kunong'onezana. Mara milango ikafunguliwa. Vikaja vitu vya kila namna: saa za tarakimu, vikokotoo vidogo kama kiberiti, redio kaseti za spika mbili. Mzee Yusufali naye akamtuma ajenti wake, akaletewa vijiredio vya sikioni. Vilikuwa vizuri, wallahi. Vyepesi, vinaingia mfukoni, vina kibano cha kuning'iniza kiunoni, na waya wenye vizibo viwili vya kutia masikioni. Spika havina. Wiki za mwanzo vijana wa mjini walivigombea, wakapita navyo barabarani wakitikisa vichwa. Halafu kimya.

"Ajenti anaondoka tena wiki ijayo," Mzee aliniambia Jumapili moja tukihesabu shehena. "Mwanangu wa ng'ambo kila barua ananiandikia, baba funga duka, njoo upumzike. Nikijua watu wanataka nini, nitaagiza, nitabaki. Nisipojua, najisumbua nini na uzee huu?"

Mzee akifunga duka, na meza yangu imekwenda. Hilo hakulisema, nami sikulisema.

"Nipe siku nane," nikamwambia. "Nitavipeleka pwani ya kusini mpaka Mkwaja. Nitarudi na jibu."

"Peke yako?"

"Kwani vina miguu, Mzee? Si lazima abebe mtu!"

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Siku nane, Mwanaidi. Ya nane jioni ajenti anapanda basi. Usiniletee hadithi, niletee jibu."

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori la saruji na sukari lililokuwa likienda Pangani. Nilikuwa na sanduku la bati lenye vijiredio arobaini, tochi kumi za kuongezea mzigo, na mkoba wangu wa kazi: bisibisi, koleo, chuma cha kulehemu cha kupasha motoni. Dereva, Bwana Mhina, Mbondei mwenye maneno mengi, alinipa nafasi mbele. Nikaona hapa ndipo pa kuanzia biashara. Nikatia vizibo masikioni, nikafungulia taarabu, nikakaa namna ya mtu anayestarehe ili anione.

Tulipofika Kigombe akasimamisha lori, akazima injini, akanigeukia. "Dada, nimekukosea nini?"

Nikatoa vizibo. "Kivipi?"

"Tangu Tongoni naongea na wewe. Nimekueleza habari ya mke wangu, nimekueleza habari ya mguu wangu huu, hata 'ehee' hukuitika. Mimi ni mtu, siyo gunia la saruji."

Nikamwomba radhi, nikamwonyesha kijiredio, nikampa asikilize. Alikisikiliza kidogo, akakirudisha kwa vidole viwili. "Kizuri," alisema. "Lakini kinamtoa mtu katika watu." Nikamwona wa kizamani, na moyoni nikamtoa katika hesabu ya wanunuzi.

Pangani tulifika saa tano. Nilitandika mkeka karibu na soko, nikapanga vitu vyangu, nikaanza kuita. Tochi kumi zilikwisha kabla ya adhuhuri. Kumi zote! Vijiredio viliuzwa viwili, kimoja kwa karani aliyekuwa akihamia Dar es Salaam. Watu walivishika, wakavigeuzageuza, na kila mmoja aliuliza swali lilelile.

"Spika yake iko wapi?"

"Hakina spika. Unasikia mwenyewe."

"Mwenyewe! Na mke wangu?"

"Atasikiliza zamu yake."

Wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja muuza samaki alifungua mgongo wa kijiredio, akatazama ndani. "Na mawe yake ndiyo haya? Madogo namna hii? Hapa Pangani utayapata wapi?"

Jumanne nikaenda kuuliza madukani. Kweli, hapakuwa na hata duka moja lenye betri ndogo. Zilikuwako zile kubwa tu, mawe ya tochi. Na yule mama alinieleza jambo ambalo mimi, fundi mzima, nilikuwa nikiliona kila siku bila kulitia maanani. Nyumbani kwake betri huanza kwenye redio. Sauti ikipungua, huzitoa akazitia kwenye tochi. Tochi ikififia, huzianika juani juu ya bati, zikashika nguvu kidogo, zikarudi kwenye redio kwa taarifa ya habari. "Chako hiki," alisema, "mawe yake hayaingii pengine popote. Yakifa, yamekufa nacho."

Nilifurahi nikataka kupiga vigelegele. Si ndilo jibu hilo! Betri! Siku ya pili tu ya safari nami nimekwisha kulipata. Usiku nililala kwa mjane mmoja anayepangisha vyumba, nikiwaza nirudi Tanga kesho yake nikamkate Mzee kiu. Lakini jambo moja lilinikera. Nilikuwa na betri ndogo za akiba sandukuni, na niliwaambia watu kwamba atakayenunua nitampa za mwezi mzima. Hata hivyo hawakununua. Basi betri ni nusu ya jibu, nami sikwenda kutafuta nusu.

Jumatano asubuhi nilivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, nikapata lori lililokuwa likienda kusini kuchukua nazi. Tulisimama kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge, watu wa milimani na wa bara, wengi wao Wakristo. Mwanamke mmoja, Mama Neema, Msambaa, alinikaribisha uji. Alikitazama kijiredio kwa hamu hasa, nikaona huyu ninaye.

"Jumapili kuna kipindi cha kwaya," alisema. "Hapa tunaimba nayo, safu hii yote ya nyumba. Sasa nikivaa hivi, nitaimba na nani?"

"Utasikiliza, mama, huna haja ya kuimba."

"Kwaya ya kusikiliza bila kuimba!" Akanitazama kwa huruma, akaniongeza uji.

Mkwaja tulifika alasiri. Nilishukia kwa Bi Mwanakombo, rafiki wa marehemu mama yangu tangu utoto wao. Nami humwita mama mkubwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," akanishika kichwa kwa mikono miwili, akalia kidogo kwa ajili ya mama, kisha akanipa maji ya kuoga na wali wa nazi na samaki wa ng'onda. Barazani kwake, juu ya stuli iliyovikwa kitambaa cha kufuma, ilikuwapo redio kubwa ya zamani, spika yake kama sahani, mgongo umefungwa kwa kamba ya katani.

Siku ya pili yake, Alhamisi, nilikuja kuelewa kwa nini redio ile iliheshimiwa vile. "Inakoroma," mama mkubwa alisema, "hebu itazame." Nikaifungua asubuhi. Betri zilikuwa zimevuja, shaba zimeota kutu, na waya mmoja wa spika umekatika. Kazi ya nusu saa, pamoja na kupasha chuma kwenye mkaa. Na hapa ndipo nilipofanya nililolifanya, nami nalieleza kama lilivyokuwa: niliiacha wazi. Makusudi. Niliwaza kwamba redio hii ikinyamaza siku mbili, mtaa utanunua vyangu.

"Inataka muda, mama mkubwa," nikamwambia. "Ina ugonjwa wa ndani."

"Haya mwanangu, fundi ni wewe."

Na kweli, kabla ya adhuhuri jirani yake, Mzee Sefu, akanunua kijiredio. Alikuwa mtu wa Lindi aliyekuja kufanya kazi ya chumvi, ana miaka mitano sita pale, mpole, mpenda vitu vipya. Alikibana kiunoni juu ya msuli aliojifunga, akatembea nacho kijiji kizima.

Saa saba na kitu mchana, baada ya taarifa ya habari, husomwa matangazo ya vifo. Wewe msomaji wangu unayajua mambo hayo: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, mazishi yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Pwani ile haikuwa na simu, na barua hufika mtu akiwa ameshaota majani kaburini. Kwa hiyo saa ile watu walikuja barazani kwa Bi Mwanakombo kama ada yao, wanawake upande wa mlangoni, wanaume ukingoni. Wakaikuta redio imepasuliwa tumbo, na Mzee Sefu katikati na vizibo masikioni.

Basi wakakaa wanamtazama uso. Sijapata kuona kitu kama kile. Watu kumi na tano wanasoma uso wa mtu mmoja.

"Anasemaje?" akauliza mmoja.

"Ngojeni!" Mzee Sefu alipiga kelele, maana mwenye vizibo hajui ukubwa wa sauti yake.

"Wa wapi huyo?"

"Ngojeni nawaambia! Mnanipotezea!"

Mimi nilicheka mpaka machozi. Matangazo yalipokwisha akatoa vizibo, akajipangusa jasho. "Leo hakuna wa kwetu," alisema. "Kuna wa Kilosa, wa Muheza, wa Tabora huko. Wa kwetu hakuna." Watu wakashukuru Mungu, wakaondoka. Bi Mwanakombo akaingia ndani kukuna nazi.

Ijumaa nilikwenda na sanduku langu vijiji vya jirani kwa miguu. Niliuza kimoja.

Jumamosi, saa nne hivi, tulikuwa uani mimi na mama mkubwa, tunachambua mchele, akafika mwanamume kwa baiskeli kutoka Saadani. Alikuwa amepita ufukweni maji yalipokupwa, suruali imekunjwa, mchanga mpaka magotini. Alikuwa binamu yake Bi Mwanakombo, jina lake Shaha. Aliegemeza baiskeli, akasimama, akashangaa.

"Dada, umekwisha kurudi?"

"Kurudi kutoka wapi?"

"Muheza. Nilijua sitakukuta, nikasema nije niwape pole watu wa nyumbani." Akamtazama, akanitazama mimi, na sauti yake ikabadilika. "Dada. Athumani kakako. Ametangazwa Alhamisi, mchana na jioni. Amezikwa jana."

Ungo ulimponyoka mkononi. Hakupiga ukelele. Aliketi vilevile, miguu ameinyoosha, mchele umemmwagikia mapajani, akasema, "Jana? Jana mimi nilikuwa naanika muhogo." Akalirudia mara tatu nne hivi.

Majirani walijaa mara moja. Mzee Sefu alikuja mbio, na aliposikia jina akashika kichwa. "Athumani Bakari, wa Muheza! Nilimsikia! Wallahi nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilidhani mtu wa huko tu." Na angejuaje? Athumani aliondoka Mkwaja kwenda kufanya kazi ya mkonge miaka mingi kabla Mzee Sefu hajaiona Mkwaja. Bibi mmoja kipofu aliyekuwa ameketi mlangoni akasema bila ukali, "Mimi ningemjua. Alinichumia madafu nikiwa mwari. Ningesikia tu 'Athumani Bakari' ningejua."

Hapo nikaelewa. Miezi minne nimevitazama vijiredio vile, nimevipima nyaya, nimevisifu, sikuelewa. Matangazo yale hayasikilizwi na mtu mmoja. Huyu anamjua marehemu, yule anaujua ukoo, kipofu analijua jina, mgeni hajui kitu. Ukiwatia wote barazani wanatosha kuwa sikio moja zima. Mimi nilikuwa nimewauzia kipande.

Kulielewa jambo lile hakukunipa furaha yoyote. Niliingia ndani nikalia kwa aibu, maana redio ile ingezungumza Alhamisi kama nisingeiacha wazi kwa tamaa yangu.

Jumamosi hiyo hiyo nilipasha chuma. Nikasugua kutu, nikaunga waya, lakini siku mbili wazi katika hewa ya chumvi zilikuwa zimezimaliza shaba za betri, na nilipoiwasha kikaungua kitu kingine ndani ambacho sikuwa na kipuri chake. Sikukubali. Nilikamata kijiredio kimoja kipya, nikakifungua, nikakata waya wa masikioni, nikaunganisha spika ile kubwa. Betri ndogo mbili nikazitoa. Mahali pake nikavuta nyaya mpaka kwenye mawe makubwa mawili, maana nguvu yao ni ileile, tofauti ni umri. Sauti ikatoka, lakini nyembamba. Nikaiweka spika mdomoni mwa mtungi mtupu. Ikanenepa. Watu waliokaa matangani wakanyamaza wote pamoja, wakaisikia mpaka mlangoni.

Jioni Bi Mwanakombo aliniita chumbani. Nilimwungamia kila kitu, hata ile "ina ugonjwa wa ndani."

"Kufa kila mtu atakufa," alisema. "Kinachoniua mimi ni kwamba wifi yangu na watoto wa Athumani wanajua redio ilitangaza. Wanajua Mkwaja tuna redio. Watasema dada mtu alisikia, akakaa. Sisi tulizaliwa wawili tu, Mwanaidi."

Nilimwambia nitakwenda Muheza mimi mwenyewe.

"Na duka lako? Si umesema siku nane?"

"Nitakwenda, mama mkubwa."

Jumapili nilirudi na lori la nazi, tukavuka mto machweo. Jumatatu asubuhi, siku ya nane, Pangani palikuwa na magari mawili. Moja la Tanga, Bwana Mhina huyo huyo, ananipungia mkono, "Fundi, twende, leo nitanyamaza mimi!" Jingine la Muheza. Nasema kweli, nilisimama katikati nikalitazama lile la Tanga kama mtu mwenye njaa anayetazama sufuria. Nikipanda, saa tano niko dukani, ajenti bado yupo, jibu ninalo lote. Meza yangu imepona. Nikamwomba Bwana Mhina amwambie Mzee Yusufali nitachelewa siku moja, nikapanda la Muheza kabla moyo haujageuka.

Muheza nilifika baada ya adhuhuri, nikaulizia nyumba ya msiba. Mjane, Bi Zaina, alikuwa edani, amekaa ndani. Aliyenipokea ni mwanawe mkubwa, Juma, mtu mzima mwenye ndevu. Niliposema nimetoka Mkwaja kwa Bi Mwanakombo, uso wake ukafunga.

"Tulimngoja," alisema. "Mazishi tuliyasogeza mpaka saa kumi, tukimngoja shangazi. Masheikh wakatugombeza. Redio ilitangaza mara mbili. Hivi Mkwaja hamna redio?"

Ningeweza kusema ilikuwa mbovu. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, na nusu yake ilikuwa kweli.

"Redio iko," nikasema. "Mimi ndiye niliyeifungua nikaiacha wazi ili niuze vyangu. Shangazi yenu hakusikia. Alipata habari Jumamosi. Alikuwa anaanika muhogo saa mliyokuwa mnazika."

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, nikasikia sauti ya Bi Zaina ikilia upya, na katikati ya kilio ikisema, "Wifi yangu maskini. Wifi yangu maskini. Nami nimemsema siku tatu!" Juma akakaa chini, akajifuta uso kwa kanzu. Alikuwa na hasira nami, na ilikuwa haki yake, hakunikaribisha chakula. Lakini nilipoondoka alinisindikiza hadi njiani, akasema, "Mwambie arobaini tutaifanyia Mkwaja, kwake. Tutakuja wote."

Jumanne, siku ya tisa, niliingia dukani Tanga na sanduku langu. Mzee Yusufali alikuwa amesimama juu ya ngazi anafuta rafu.

"Ajenti ameondoka," alisema bila kugeuka.

"Najua, Mzee."

"Nimeagiza mabeseni."

"Mabeseni!"

"Ya plastiki. Rangi tatu. Kila mtu anafua." Akashuka, akaketi. "Sasa niambie. Nilikungoja."

Nikamweleza. Nikamwambia watu wa pwani yetu hawakatai kitu kipya, tusijidanganye. Tochi zilikwisha kabla ya adhuhuri, nazo ni mpya. Wanakataa kitu kinachotaka chakula chake peke yake, wakati nyumba nzima inakula sahani moja. Na redio kwao ni kitu cha baraza. Mpe mtu redio isiyosikiwa na jirani, umempa kitu cha kumgombanisha na jirani. Nikamweleza habari ya Bi Mwanakombo mpaka mwisho, na ya redio niliyoiacha wazi.

Mzee alivua miwani. "Kaka yangu alifia Karachi," alisema. "Nilipata barua, khitma yake imekwisha kusomwa." Akaipangusa miwani, akaivaa tena, akasema, "Mabeseni hayahitaji fundi, Mwanaidi."

"Hayahitaji."

"Basi chukua vijiredio vyote vilivyobaki. Na zile redio mbovu za stoo, na meza. Mimi sina kazi navyo. Nenda kaanze mwenyewe."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Meza niliibeba kwa mkokoteni mpaka Makorora, nikaiweka barazani kwangu, kwenye mtaa uleule walikonicheka. Kila redio mbovu niliyoipata niliinyang'anya spika. Seremala akanichongea visanduku vya mbao vyenye mpini. Ndani kijiredio, mbele spika, nyuma mahali pa mawe makubwa mawili, na skrubu moja tu ya kufungulia, ili hata fundi wa kijijini aweze. Vilikuwa vizito na sura vilikuwa havina. Vilitoka vyote.

Wanaoniuliza nilijifunza nini katika safari ile nawaambia: kabla hujamuuzia mtu kitu, kakae barazani kwake uone saa gani anakihitaji na nani amekaa karibu naye. Mimi nililijua hilo kwa kumkosesha mwanamke maziko ya nduguye, na sijajisamehe.

Kisanduku cha kwanza sikukiuza. Nilikipeleka Mkwaja siku ya arobaini. Watu wa Muheza walikuja kama walivyoahidi, Bi Zaina alituma kanzu ya marehemu, na Bi Mwanakombo na Juma walikumbatiana mlangoni wasiachane. Baada ya dua na chakula, saa ikafika. Kisanduku kikawekwa kwenye stuli, Mzee Sefu akakifungulia mwenyewe, akarudi kukaa nyuma kabisa. Baraza likanyamaza. Likasomwa jina la mtu wa Korogwe, watu wakatazamana, hakuna. Likasomwa la pili, la mwanamke wa Bagamoyo, hakuna. Likasomwa la tatu, mwanamume mmoja aliyefia Morogoro, na yule bibi kipofu akainua mkono.

"Huyo ana mama yake Kipumbwi, pwani hii hii," alisema. "Bado yu hai. Hana redio."

Juma wa Muheza, ambaye Kipumbwi hakujui na mtu huyo hamjui, alikuwa amekwisha kusimama anatafuta viatu vyake.